Karai la Sambaza Katika Ua wa Nyamirambo

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi mji wa Kigali huamkia majembe. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano maduka hufungwa, magari hupungua barabarani, na wakazi wa kila mtaa hutoka kufyeka nyasi, kuzibua mitaro na kutengeneza njia zinazoshuka katika miteremko ya vilima. Hiyo ndiyo umuganda, kazi ya pamoja ambayo haimwachi waziri wala mchuuzi. Kazi ikiisha watu huketi kwa mkutano mfupi wa mtaa. Na mkutano ukiisha, wakiwa na vumbi miguuni na njaa tumboni, ndipo moshi wa makaa unapoanza kupanda kutoka katika nyua za Nyamirambo.

Mtaa huo umekaa upande wa kusini-magharibi ya mji, chini ya Mlima Kigali, nao kwa sura na kwa sauti haufanani sana na mitaa mingine. Nyumba zake nyingi ni fupi, zimesogeleana, na aghalabu familia mbili au tatu hutumia ua mmoja, bomba moja la maji na kamba moja ya kuanikia nguo. Kiswahili husikika hapo tangu zamani. Mjerumani Richard Kandt alipouasisi mji wa Kigali mwaka 1907, lugha hiyo ilikuja pamoja na askari, wapagazi na wafanyabiashara wa enzi ile. Msikiti wa kwanza wa Rwanda ulijengwa Nyamirambo mwaka 1913, na wakati wa Wabelgiji eneo jirani la Biryogo lilijulikana kama Kambi ya Waswahili. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipokifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi, wazee wa Biryogo hawakuwa na somo la kujifunza.

Katika nyua hizo hupikwa pilau, chapati, maharage na ndizi. Lakini siku ya mkusanyiko, hasa baada ya umuganda, chakula kinachowaita majirani bila ya kutumiwa mjumbe ni sambaza. Samaki huyo ni mdogo mwenye rangi ya fedha, na wengi wanaofika sokoni hawazidi urefu wa kidole cha kati. Kinyarwanda humwita isambaza. Kiswahili cha Nyamirambo na cha Goma kimelikata jina likabaki sambaza. Msomaji wa Kigoma akimwona atamtambua upesi, kwa sababu ni mmoja wa samaki wale wadogo wa Ziwa Tanganyika ambao huanikwa juani na kuuzwa kwa jina la dagaa.

Mpishi hodari huanza kazi yake sokoni. Sambaza mbichi hawana subira. Wametoka Ziwa Kivu, na kutoka mji wa Rubavu hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 150 za kona na milima, kupitia Musanze na Nyirangarama. Kwa hiyo mama anayejua kazi yake hufika mapema, huinama juu ya beseni la muuzaji na kutazama macho na matumbo. Macho yawe maangavu. Tumbo likiwa limepasuka, samaki huyo amekwisha kuchoka, na hata akikaangwa kwa mafuta ya bei gani ladha yake itakuwa chungu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008, kwa hiyo samaki hurudi nyumbani katika ndoo yenye kifuniko au katika kikapu.

Uani kazi hugawanywa bila ya mtu kuamuru. Vijana hupuliza makaa. Wasichana na wavulana huketi kuzunguka beseni na kuchagua: walio wakubwa kidogo hubanwa tumbo kwa kidole gumba hadi uchafu utoke, wadogo huachwa kama walivyo. Kisha samaki huoshwa kwa maji mara mbili au tatu na kuachwa katika chujio mpaka wakauke barabara. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Sambaza mwenye maji akitiwa katika mafuta ya moto hupiga makelele, huruka, huunguza mikono ya mpishi, na mwishowe hutoka laini kama kitambaa kilicholowa. Wakisha kukauka hutiwa chumvi, maji ya ndimu na kitunguu saumu kilichopondwa, wakaachwa robo saa. Kwa kila kilo moja hunyunyiziwa unga wa ngano au wa sembe konzi mbili, si zaidi, wakapepetwa katika ungo ili unga usioshika uanguke.

Mafuta katika karai yawe na kina cha vidole vitatu. Hujaribiwa kwa kipande cha kitunguu: kikizama na kukaa chini, subiri, kikipanda juu huku kikitoa mapovu, ni wakati. Sambaza hutiwa konzi moja moja. Anayetia beseni zima kwa mara moja, kwa haraka ya kuwaridhisha wageni, huyapoza mafuta na kuwapa wageni hao uji wa samaki. Dakika ya kwanza usikoroge, kwani ngozi bado ni laini na itachunika. Baada ya hapo mwiko wenye matundu upite polepole. Wapishi wa Nyamirambo hawana haja ya saa, husikiliza. Mwanzoni karai hunguruma kwa sababu maji yaliyomo ndani ya samaki yanatoka. Mngurumo ukishuka na kuwa mnong'ono, samaki amekauka mpaka mfupani, naye huopolewa.

Huliwa mzima: kichwa, mifupa na mkia. Sinia hushushwa mezani au juu ya mkeka, pembeni kuna ndizi za kupika, viazi vya kukaanga au ugali, vipande vya ndimu, na kichupa kidogo cha mafuta ya pilipili yaitwayo Akabanga, ambayo hutengenezwa hapo Nyirangarama katika kiwanda cha Sina Gérard. Kichupa hicho hutolewa kwa matone, na mgeni anayekimimina kama mafuta ya saladi hukumbukwa mtaani kwa muda mrefu. Anayekunywa bia hunywa. Asiyekunywa huletewa chai ya maziwa yenye tangawizi. Hakuna uma wala kisu. Mikono inakutana sinia moja, na habari za mtaa mzima hupita juu ya sinia hilo.

Huko Louisiana, kusini ya Marekani, kuna karamu ya uani ambayo ni jamaa ya hii. Sufuria kubwa la maji ya chumvi na pilipili huwekwa motoni nje ya nyumba, likatiwa mahindi, viazi na kamba wekundu wa maji baridi. Wakiiva humwagwa juu ya meza iliyotandikwa magazeti yaliyokwisha kusomwa, na watu hula kwa mikono wakiwa wamesimama. Kamba huyo hayuko mbali na Kigali kama mtu anavyoweza kudhani. Hupatikana katika Ziwa Bunyonyi nchini Uganda, karibu na Kabale, ng'ambo ya mpaka wa Gatuna. Nchini Kenya alitiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970 ili avuliwe kwa biashara, na kwa miaka kadhaa aliuzwa mpaka Ulaya. Lakini yeye naye alikuwa na njaa yake. Mimea ya majini ikapungua, na mayungiyungi yaliyokuwa yakipamba kingo za Naivasha yakatoweka. Wataalamu walipotafuta sababu, kamba huyo alikuwa miongoni mwa washitakiwa wa kwanza.

Habari hiyo yafaa kukumbukwa uani Nyamirambo, kwa kuwa sambaza pia ni mgeni. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa namna hiyo. Ni ziwa la ajabu: lina kina cha mita zipatazo 480, lakini hewa ambayo samaki huihitaji haishuki hata mita 70, na chini ya hapo maji yamejaa gesi ya kaboni na ya methani. Samaki wachache waliokuwamo walikaa zaidi karibu na ufuko, na katikati ya ziwa viumbe wadogo wa majini walielea bila ya mlaji wa maana. Kati ya mwaka 1958 na 1960, chini ya utawala wa Kibelgiji, vifaranga vya samaki vilichukuliwa Ziwa Tanganyika na kumwagwa Kivu. Jamii mbili zilipelekwa. Moja haikudumu, na ya pili ndiyo sambaza. Jamii hiyo hiyo ilipelekwa Ziwa Kariba miaka ya 1960, ambako Wazambia na Wazimbabwe humwita kapenta.

Kwa karibu miaka 20 sambaza waliongezeka Kivu bila ya kuvuliwa sana, kwa kuwa wavuvi hawakuwa na zana ya kuwafikia katikati ya maji. Mwaka 1979 mradi wa Umoja wa Mataifa ulianza kazi Gisenyi, mji ambao sasa ni sehemu ya Rubavu, kufundisha uvuvi wa usiku kwa taa. Mnamo mwaka 1986 mtaalamu wa Kibelgiji, Henri Dumont, aliandika kwa hofu kwamba samaki huyo amekwisha kumaliza baadhi ya viumbe anaowala, na kwamba huenda uvuvi wote ukaporomoka. Viumbe aliowataja kweli walitoweka. Uvuvi haukuporomoka. Sambaza walipatana na ziwa, na ziwa likapatana nao. Bahati ambayo Naivasha haikuipata.

Anayetaka kuona chakula chake kinakotoka na ashuke Rubavu au Karongi jioni isiyo na mbalamwezi. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu ya mikaratusi, ikawa chombo kimoja kipana chenye pembe zinazoinama mbele na nyuma kama pembe za ng'ombe. Jua likizama wapiga makasia huondoka wakiimba, maana wimbo ndio unaowapatanisha mikono. Mchana sambaza hukaa chini. Usiku hupanda kufuata chakula, na taa huwakusanya. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Wavu hushushwa katikati ya mitumbwi, ukangojwa, kisha ukapandishwa polepole. Kwa mtu aliyesimama ufukweni, ziwa huwa na nyota mbili: za juu, na za wavuvi. Baadhi ya taa hizo ni za Wakongo, kwani ziwa ni moja na mpaka hauonekani majini, jambo ambalo limewaponza wavuvi wengi wa pande zote mbili.

Alfajiri samaki hufika nchi kavu. Sehemu huliwa pale pale, sehemu huanikwa, sehemu huvuka kwenda Goma, na sehemu hupanda gari la Kigali. Hapo ndipo penye neno la kusemwa. Uchunguzi wa taifa wa afya uliofanyika mwaka 2019 na 2020 ulikuta kwamba, katika Rwanda nzima, watoto 33 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Miaka mitano kabla ya hapo walikuwa 38, kwa hiyo hatua imepigwa. Lakini katika mji wa Kigali walikuwa 21, na katika Mkoa wa Magharibi, ule ule ambao ufuko wake umelala Kivu na ambao wanaume wake hukesha wakivuta wavu, walikuwa 40. Samaki huyo hulala nyumbani kwa mtoto aliyedumaa, kisha hupanda milima kwenda mezani kwa mtu mzima.

Isidhaniwe kwamba sababu ni moja. Maradhi ya kuhara, maji machafu, uzazi wa karibu karibu na umaskini wa mama vyote humzuia mtoto asikue. Hata hivyo chakula kitokacho kwa mnyama au samaki ni miongoni mwa vitu ambavyo mtoto mdogo hawezi kuvikosa kwa muda mrefu bila ya kuonyesha, na viazi na maharage peke yake havitoshi. Sambaza, kwa kuwa huliwa na mifupa yake, humpa mtoto nyama na madini ya kujenga mifupa kwa pamoja. Nyama ya ng'ombe haina fadhila hiyo, na bei yake kila mama anaijua. Na ukweli mwingine usemwe: sehemu kubwa ya sambaza wanaokaangwa Kigali huishia katika vilabu, kama kitu cha kusindikizia chupa. Hakuna mtu mzima aliyepata kurefuka kwa kula sambaza na bia.

Katika nyua zilizo na akili, kwa hiyo, kuna chombo cha pili. Karai linapopashwa moto kwa ajili ya wageni, jiko dogo la pembeni hubeba sufuria la watoto, na samaki wa sufuria hilo hutengwa kwanza, kabla mlevi wala mgeni hajanyoosha mkono. Upishi wake hauna mashaka. Kitunguu kimoja na nyanya tatu hukaangwa kwa mafuta kidogo hadi zilainike. Hutiwa konzi mbili za sambaza waliosafishwa matumbo, maji kikombe kimoja na nusu, na chumvi kidogo sana. Ikisha kuchemka huongezwa mchicha, ambao Wanyarwanda huuita dodo, uliokatwa mwembamba, na kipande cha karoti. Baada ya dakika 20 samaki awe analegea akibonyezwa na kijiko. Kama mfupa bado unahisika kati ya vidole, na arudi motoni. Pilipili isikaribie. Mtoto aliyetimiza miezi sita, ambaye ndiyo kwanza anaongezewa chakula juu ya maziwa ya mama, hupondewa na kuchujiwa. Mwenye miaka miwili au mitatu huchanganyiwa na ndizi au viazi.

Kwa siku zisizo na samaki wabichi kuna njia ya unga. Sambaza wakavu huchaguliwa mchanga na mawe, huoshwa haraka na kuanikwa tena, kisha hukaangwa bila ya mafuta katika sufuria kavu hadi wavunjike kwa vidole. Hutwangwa katika kinu na kuchekechwa kwa chekecheo la macho madogo, na unga wake huhifadhiwa katika kopo lenye kifuniko, mbali na mvuke. Kijiko kimoja katika bakuli la uji au la mboga chatosha, nao hutiwa uji ukiwa bado unachemka. Harufu yake huwatisha baadhi ya watoto siku ya kwanza. Siku ya tatu hawaikumbuki. Upishi wa namna hii hufundishwa vijijini katika mikusanyiko iitwayo igikoni cy'umudugudu, jiko la kijiji, ambapo akina mama huleta kila mmoja alicho nacho na kupika sufuria moja kwa ajili ya watoto wote. Wake wa askari wa Kanombe na wa polisi wa Kacyiru, ambao waume zao huenda zamu na kuwaachia nyumba, watauona unga huo ni msaidizi mzuri: haudai barafu, haudai kwenda sokoni kila siku, wala haumngoji baba.

Baba naye asisahauliwe. Sambaza waliokaangwa wakabaki hawafunikwi wakiwa moto, maana mvuke huwalainisha. Huachwa wapoe juu ya karatasi, hufungwa katika karatasi nyingine kavu, na mtu wa zamu akirudi usiku hurushwa katika kikaango kisicho na mafuta kwa dakika mbili. Wanarudi kuvunjika mdomoni kama mwanzo. Wasikae hadi keshokutwa.

Upo wakati wa mwaka ambapo karai hutundikwa ukutani. Kuanzia Agosti, kwa takriban miezi miwili, uvuvi wa Kivu husimamishwa ili samaki wazaliane na wakue. Ndipo wanajeshi wa majini na polisi wanapokuwa na kazi nyingi ziwani, wakiwasaka wanaovua kwa kificho na kwa nyavu za kaningini, ambazo macho yake hayamwachi hata kifaranga. Kazi hiyo haina sifa nyingi. Mvuvi anayekamatwa usiku mara nyingi ni baba mwenye watoto, na wavu unaochomwa moto ufukweni mbele yake ulinunuliwa kwa mkopo. Askari anayemkamata pengine amelelewa kwa samaki wa ziwa hilo hilo. Lakini kifaranga aliyenaswa Septemba hawezi kuvuliwa tena Desemba, na wavuvi walioungana katika vyama vya ushirika wanalijua hesabu hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Ndio ambao aghalabu hupeleka habari za wenye kaningini.

Miezi hiyo, sokoni Kigali, beseni la sambaza wabichi hupungua na bei hupanda. Wenye kujua walikwisha kujaza makopo yao ya unga tangu Julai. Wengine hula maharage, husubiri Oktoba, na siku magari ya kwanza ya Rubavu yanaposhuka Nyabugogo asubuhi yakichuruzika maji ya samaki, habari hufika Nyamirambo kabla samaki wenyewe hawajapanda kilima.